Somo la 14: Hedhi Inapokoma

Maneno ya somo hili

Soma maneno haya kwa sauti. Kisha yaandike katika daftari lako.

hedhi, kukoma, kizazi, mlango wa kizazi, kichocheo, joto la ghafla, zahanati, rufaa

1. Mwanzo una jina

Ndugu msomaji, binti anapoona damu kwa mara ya kwanza tunasema amevunja ungo. Neno hilo kila mtu analijua. Binti hukalishwa chini na shangazi au bibi. Huambiwa mwili wake umebadilika. Hufundishwa namna ya kujitunza.

Miaka zaidi ya 30 hupita. Siku moja damu ile inakoma. Je, ni nani anayemkalisha mama chini siku hiyo? Mara nyingi hakuna. Mwenyewe husema kwa mafumbo tu: "Sioni tena siku zangu." Au: "Mimi sasa ni mtu mzima." Wengine hawasemi kabisa.

Somo hili linahusu jambo hilo. Ni somo la wanawake na wanaume pia. Mwanamume anayesoma hapa ana mke, mama au dada.

2. Mazungumzo ya njiani

Akina mama wawili wanarudi kutoka sokoni Buseresere. Mmoja ana miaka 56. Mwingine ana miaka 48. Ni majirani. Wamekutana barabarani, kila mmoja na kapu lake.

Mdogo: Shikamoo, dada.

Mkubwa: Marahaba, mdogo wangu. Mbona umechoka hivyo?

Mdogo: Silali, dada. Usiku napata homa. Joto linapanda kutoka kifuani mpaka usoni. Jasho linalowesha shuka. Halafu baada ya muda mfupi nasikia baridi. Nimekunywa dawa ya malaria mara tatu tangu tuvune mahindi.

Mkubwa: Ulipimwa?

Mdogo: Hapana. Nilinunua dukani tu.

Mkubwa: Na siku zako je?

Mdogo: (Anatazama nyuma kwanza.) Dada, zimevurugika. Mwezi huu zinakuja, miezi miwili hazionekani. Nilidhani nina mimba. Naye baba watoto ananuna. Anasema namkimbia kitandani. Anafikiri nina mtu.

Mkubwa: Hayo yote yalinipata mimi. Hiyo si malaria, mdogo wangu. Hedhi yako inakaribia kukoma.

Mdogo: Mbona hukuniambia mapema?

Mkubwa: Hukuniuliza. Mimi pia hakuna aliyeniambia. Tukae hapa kivulini.

Wakakaa. Mkubwa akaeleza yote aliyoyapitia. Mdogo akapumua. Ndipo mkubwa akasema neno jingine kwa sauti ndogo.

Mkubwa: Lakini mimi nina ajabu yangu. Damu yangu ilikoma miaka mitatu iliyopita. Mwezi uliopita imerudi kidogo, na juzi tena. Moyoni nimefurahi. Nimesema, kumbe bado mimi si mzee.

Mdogo: Umemwambia nani?

Mkubwa: Nimekuambia wewe.

Msomaji, simama hapa kidogo. Jiulize: kati ya akina mama hawa wawili, ni nani anayehitaji kwenda hospitali haraka? Endelea kusoma upate jibu.

3. Nini hutokea mwilini

Mwanamke huzaliwa akiwa na mayai yake yote tumboni. Akivunja ungo, kwa kawaida yai moja hukomaa kila mwezi. Kizazi hujiandaa kulipokea. Ni kama mama anayetandika kitanda kwa ajili ya mgeni. Mgeni asipofika, matandiko hutolewa. Matandiko hayo ndiyo damu ya hedhi.

Miaka inavyokwenda, mayai hupungua. Kichocheo cha mwili kinachoitwa estrojeni nacho hupungua. Kichocheo hiki ndicho kinachoagiza kitanda kitandikwe. Kikipungua sana, kitanda hakitandikwi tena. Damu inakoma.

Wanawake wengi hufikia hali hii kati ya miaka 45 na 55. Damu haikomi kwa siku moja. Kwanza huvurugika. Huja mapema, au huchelewa, au huwa nyingi, au huwa kidogo. Hali hii huweza kuchukua miaka kadhaa. Mwanamke akikaa miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na si kwa sababu ya mimba, kunyonyesha, ugonjwa au dawa, hapo husemwa kwamba hedhi yake imekoma.

Kwa wengine hedhi hukoma mapema. Ikikoma kabla ya miaka 40, muone daktari. Pia mwanamke aliyepasuliwa akatolewa kizazi haoni hedhi tena.

Kukoma kwa hedhi si ugonjwa. Si laana. Si adhabu. Ni hatua ya maisha, kama kuvunja ungo.

4. Dalili zake

Wanawake hawafanani. Mmoja hupita hatua hii bila taabu. Mwingine hutaabika miaka mingi. Dalili za kawaida ni hizi:

Joto la ghafla. Hupanda kifuani, shingoni na usoni. Kwa kawaida hukaa dakika chache tu, kisha jasho hutoka na joto huondoka.
Jasho la usiku na kukosa usingizi.
Moyo kwenda mbio.
Hasira za haraka, huzuni au kusahausahau.
Maumivu ya viungo.
Ukavu ukeni na maumivu wakati wa tendo la ndoa.
Kwenda haja ndogo mara kwa mara, au mkojo kuuma.

Mwenye dalili hizi si mvivu. Si mkorofi. Mwili wake unabadilika.

5. Ni malaria au si malaria?

Mkoa wetu wa Geita una malaria nyingi. Kwa hiyo kila joto la mwili tunaliita malaria. Mama yule mdogo alikunywa dawa mara tatu bila kupimwa. Alipoteza fedha yake. Usingizi haukurudi.

Zipo tofauti za kuangalia. Joto la kukoma hedhi huja na kuondoka kwa dakika chache, kisha mtu huendelea na kazi. Homa ya malaria humlaza mtu. Huja na kichwa kuuma, kutetemeka, pengine kutapika. Lakini tofauti hizi hazitoshi. Usikisie. Nenda zahanati upimwe. Kipimo cha haraka huchukua tone moja la damu ya kidole. Majibu hupatikana katika muda mfupi.

Kuna jambo jingine. Kama jasho la usiku linakuja pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au unakonda, huenda ni kifua kikuu. Wanaofanya kazi penye vumbi la mawe machimboni wako katika hatari zaidi. Mwambie mhudumu wa afya akupime makohozi. Pima na virusi vya UKIMWI pia. Usiseme "ni utu uzima tu" kabla ya kupimwa.

6. Ndani ya nyumba

Mama yule mdogo hakumwambia mumewe kitu. Mume aliona mke anageukia ukutani. Akajijibu mwenyewe: "Ana mtu." Hivyo ndivyo nyumba nyingi zinavyoingia ugomvi. Mke anaona haya, na mume ana wivu. Ukweli ni kwamba tendo la ndoa lilikuwa linamuumiza.

Mwanamke anaweza kusema hivi: "Baba watoto, sikukatai. Mwili wangu unabadilika. Naumia. Twende pole pole, na tumuulize muuguzi." Maneno hayo ni machache, lakini yanazuia ugomvi mkubwa.

Mwanamume naye ana kazi yake. Asimlazimishe. Asimtukane kwamba amezeeka. Amsikilize.

Kwa ukavu ipo dawa. Kuna vilainishi vinavyotumika, na kuna dawa ambazo daktari huandika. Usitie ukeni shabu, tumbaku, majani wala sabuni. Vitu hivyo huunguza na kuleta vidonda.

Tena kumbuka: wakati damu inavurugika, mimba bado inaweza kuingia. Wapo waliojiona wamemaliza kuzaa, wakapata mtoto. Endelea na uzazi wa mpango. Kama umefika miaka 50, endelea mpaka mwaka mmoja upite bila damu. Kama hujafika miaka 50, endelea mpaka miaka miwili ipite. Anayetumia sindano au kijiti huweza asione damu kwa sababu ya dawa hiyo. Huyo amuulize muuguzi, asihesabu mwenyewe.

7. Yasemwayo na ukweli wake

Husemwa: "Damu isiyotoka hujaa tumboni ikawa uvimbe."
Ukweli: Hakuna damu inayojaa. Kitanda kisipotandikwa, hakuna matandiko ya kutoa. Usinywe dawa ya "kusafisha kizazi" ili damu irudi.

Husemwa: "Hedhi ikikoma, mwanamke amekwisha."
Ukweli: Mwanamke wa miaka 50 analima, anafanya biashara na anaongoza kikundi. Wengi huishi miaka mingine 20, 30 au zaidi. Tena hasumbuki na hedhi wala hofu ya mimba.

Husemwa: "Mwanamke anayezunguka nje usiku ni mchawi."
Ukweli: Ndugu zangu, hapa tuseme wazi. Katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Wengine walishukiwa kwa macho mekundu tu. Macho hayo yanaweza kuwa mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe waliopikia maisha yao yote. Mwanamke anayetoka nje usiku huenda anatafuta upepo kwa sababu joto limempanda. Mwanamke mwenye hasira huenda hajalala wiki nzima. Ukijua hivyo, mtetee. Kuua ni kosa kubwa mbele ya sheria, na hakuna uchawi wa kusingizia.

8. Damu iliyorudi

Sasa turudi kwa mama mkubwa. Yeye alifurahi damu iliporudi. Alidhani amekuwa kijana tena. Msomaji, hii ndiyo sehemu kubwa ya somo letu. Isome mara mbili.

Damu ikikoma mwaka mzima, kisha ikatoka tena, hata tone moja, hiyo si hedhi. Hiyo ni dalili. Nenda ukachunguzwe.

Mara nyingi sababu huwa ndogo. Huweza kuwa ukavu au kinyama kidogo. Lakini mara nyingine ni saratani ya kizazi au ya mlango wa kizazi. Huwezi kujua kwa kutazama damu. Maumivu nayo hayakusaidii, kwa sababu saratani mwanzoni huwa haiumi.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine zote nchini Tanzania. Ikionekana mapema hutibika. Ikichelewa, matibabu huwa magumu. Wengi huchelewa kwa sababu ya haya.

Nenda pia kuchunguzwa haraka ukiona haya:
Damu baada ya tendo la ndoa.
Uchafu wenye harufu mbaya ukeni.
Damu nyingi mno, yenye mabonge, inayokufanya uone kizunguzungu.
Uvimbe katika titi.

Usingoje damu irudi ndipo uchunguzwe. Mwanamke wa miaka 30 mpaka 50 achunguzwe mlango wa kizazi hata kama haumwi. Mahali pengi mhudumu hupaka siki nyepesi na kutazama. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI achunguzwe mara nyingi zaidi, kwa sababu hatari yake ni kubwa. Nao mabinti wapelekwe kupata chanjo. Chanjo hiyo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Inawakinga na virusi vinavyoleta saratani hiyo.

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona haja watakuandikia rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Geita. Chato iko hospitali ya kanda. Mwanza iko Bugando, ambako saratani hutibiwa. Zamani safari ya Mwanza ilikuwa ya kungoja kivuko. Tangu mwaka 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa, na magari yanapita juu ya ziwa.

9. Kujitunza

Estrojeni ikipungua, mifupa hupungua nguvu. Mtu akianguka huvunjika kwa urahisi. Moyo nao huhitaji kulindwa. Fanya haya:

Kula dagaa wazima pamoja na mifupa yao. Kunywa maziwa au mtindi ukiweza. Kula mgagani, mchicha na mboga nyingine za majani, maharage, karanga na matunda.
Tembea na fanya kazi. Kazi huipa mifupa nguvu. Lakini usibebe mzigo unaokuzidi.
Punguza chumvi na mafuta mengi. Acha tumbaku. Acha pombe au ipunguze sana.
Pima shinikizo la damu kila unapokwenda zahanati.
Kwa joto la ghafla, vaa nguo nyepesi za pamba. Weka maji ya kunywa karibu na kitanda. Lala penye hewa, ndani ya chandarua. Chunguza kama chai ya moto, pilipili au pombe inakuletea joto.

Ukitaabika sana, mwone daktari. Ziko dawa za kurudishia mwili kichocheo kilichopungua. Hazimfai kila mwanamke. Kwa hiyo hutolewa baada ya kuchunguzwa, wala hazinunuliwi ovyo.

10. Kalamu yako ni msaada

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Tumia kalamu yako. Kila unapoona damu, andika tarehe katika daftari. Andika pia: ilikuwa nyingi au kidogo? Ilikaa siku ngapi? Ukienda kwa daktari, mpe daftari. Mtu husahau, lakini daftari halisahau.

Mfano:
4 Januari: siku 5, nyingi
19 Machi: siku 3, kidogo
2 Julai: siku 7, nyingi sana

11. Walichofanya akina mama wawili

Jioni ile mama mdogo alilisoma somo hili darasani, polepole, kwa kidole. Alipofika sehemu ya 8 alifunga kitabu. Akaenda moja kwa moja kwa jirani yake.

"Dada," alisema, "wewe ulinifundisha nusu ya jambo hili. Nusu ya pili iko hapa. Nisikilize nikusomee."

Alimsomea. Mama mkubwa alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Basi kesho tutakwenda wote."

Asubuhi walikwenda zahanati. Mama mdogo alipimwa malaria. Hakuwa nayo. Alipewa ushauri, akaambiwa arudi pamoja na mumewe. Mama mkubwa aliandikiwa barua ya rufaa. Mumewe aliuza mbuzi mmoja kwa nauli, na wiki ileile walikwenda hospitali. Jirani alibaki akimwagilia bustani yao.

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Karibu watu milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kujadiliana juu ya afya zao. Kisha walichimba vyoo na kusafisha vijiji. Kwanza walizungumza, ndipo wakatenda. Na sisi tufanye hivyo. Mwenzako akikuuliza, mwambie. Asipokuuliza, mwambie pia.

Maswali

1. Kwa nini hedhi hukoma?
2. Mwanamke akae miezi mingapi bila damu ndipo isemwe hedhi imekoma?
3. Kwa nini mama mdogo alidhani ana malaria? Alipaswa kufanya nini kwanza?
4. Kati ya akina mama wawili, nani alihitaji kwenda hospitali haraka? Kwa nini?
5. Taja dalili tatu zinazotaka mwanamke achunguzwe haraka.

Hesabu

1. Mama aliona damu mara ya mwisho tarehe 10 Machi. Hakuona tena. Miezi 12 itatimia tarehe gani?
2. Mama mwingine alianza kuhesabu tarehe 10 Machi, lakini akaona damu tena tarehe 2 Novemba mwaka huohuo. Aanze kuhesabu upya kutoka tarehe gani?
3. Mama mdogo alinunua dawa mara 3. Kama kila mara alilipa shilingi 3,000, alipoteza shilingi ngapi?

Andika

Andika sentensi tatu ambazo mke anaweza kumwambia mumewe. Andika sentensi tatu ambazo mume anaweza kumjibu.

Kazi ya kikundi

Wanawake wakae peke yao, na wanaume peke yao. Kila kikundi kijibu: katika kijiji chetu husemwa nini juu ya mwanamke ambaye hedhi yake imekoma? Lipi ni la kweli? Lipi tuliache? Kisha kaeni pamoja, kila kikundi kieleze majibu yake. Mwalimu amwalike muuguzi wa zahanati ajibu maswali yaliyobaki.